Jeti ndogo ya mtumba: namna ya kuinunua ukiwa Mwanza bila kupigwa

Mwangaluka wakuu. Hela Mwanza ipo, tusidanganyane, kuna watu wa dhahabu wa Geita, kuna wa viwanda vya sangara, kuna wa mabondo (vibofu vya sangara) ambao ukiwaona Mwaloni pale Kirumba wamevaa ndala utadhani wanauza dagaa za buku mbili. Na kila baada ya muda kuna mmoja anaonyeshwa picha ya jeti kwenye simu, nyeupe, viti vya ngozi, bei kama ya nyumba Capripoint na chenji, basi anaanza kuota. Mimi nimefanya kazi ya kupokea ndege za wageni pale uwanjani miaka kadhaa, kupanga mafuta, kubeba mabegi, kusimamia sevisi ndogondogo, na juzijuzi nikamsindikiza mzee mmoja wa mabondo kwenye safari ya kutafuta yake. Haya nayoandika ni yale ningependa tungeyajua kabla ya kupanda ndege kwenda kukagua ndege.

Hatua ya kwanza: kaunta buku

Kabla ya dalali, kabla ya picha, nunua kaunta buku. Andika safari zote ulizofanya mwaka uliopita, tarehe, wapi, watu wangapi, ulilala au ulirudi siku hiyohiyo. Usiandike unazotamani, andika ulizofanya kweli. Mzee wangu alikuwa na uhakika anasafiri "kila wiki", tulipoandika ikatoka Dar mara 31, Nairobi 6, Entebbe 4, Dubai 3, basi.

Sasa badilisha kuwa masaa. Mwanza Dar ni kama kilomita 850 kwa mstari ulionyooka, jeti ndogo ya kukimbia kama noti 370 hivi (maili za baharini kwa saa) inachukua saa moja na robo mpaka saa moja na nusu ukihesabu kupanda na kushuka. Nairobi ni kama kilomita 460. Entebbe ni kilomita 280 tu, pale ukimaliza kupanda unaanza kushuka, jeti inakunywa mafuta bila kufaidi kasi yake. Geita usiiweke kabisa, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, unavuka na gari mzee wangu, ndege ya nini.

Watu wa hii biashara wana kipimo chao cha mdomo kwamba ukiwa chini ya masaa 200 kwa mwaka ni nafuu kukodisha kuliko kumiliki. Sio sheria lakini ukikaa na hesabu utaona kwa nini, maana hanga (banda la ndege), bima, mafunzo ya rubani, mshahara wake, vyote unalipa hata ndege ikilala mwaka mzima.

Swali lingine hapohapo, unatua wapi? Kama nusu ya safari zako ni viwanja vya moramu kule migodini au Seronera, jeti ndogo nyingi hazikufai, changarawe inaingia kwenye injini na kupiga tumbo la ndege. Wewe unahitaji ndege ya panga, Caravan au PC-12, na hakuna aibu hapo. Nimeona watu wanakataa PC-12 kwa sababu eti ina panga moja mbele haionekani ya kibosi, halafu wananunua jeti ambayo haiwezi kutua wanakoenda, wanapokelewa na gari kilomita 90 kutoka mgodini.

Hatua ya pili: jua unachoangalia

Sokoni utakutana na majina yaleyale. Nitayapitia kwa haraka, ila ile ya CitationJet nitakaa kidogo kwa sababu ndo watu wengi wanaishia hapo.

Citation II ni ya Cessna, ilianza 1978, injini mbili za Pratt & Whitney JT15D-4 zenye msukumo wa paundi 2,500 kila moja. Imara, mabawa yamenyooka, inatua polepole, mafundi wa kila bara wanaijua. Za miaka ya 80 unazipata chini ya dola milioni moja na hapo ndo mtego ulipo, ntarudi. Ni ya polepole kwa jeti mpaka Wamarekani wana utani wao kwamba Citation inagongwa na ndege wanyama kwa nyuma. Mafuta inakunywa vizuri. Kuna ndugu yake mdogo Bravo, ilitengenezwa kati ya 1997 na 2006, injini za PW530A, hiyo ni nafuu kwenye mafuta na bado nzito ya kutosha.

CitationJet, ambayo wengi wanaiita CJ, ilipata cheti 1992 na injini za Williams FJ44-1A, paundi 1,900 kila upande. Mwaka 2000 ikaja CJ1, injini zilezile ila dashibodi ya skrini za Collins Pro Line 21. Inaruhusiwa kurushwa na rubani mmoja, inapanda mpaka futi 41,000, mafuta ni kama galoni 130 kwa saa, karibu lita 500. Baadaye CJ2 na CJ3, hizo ni ndefu zaidi na zinafika futi 45,000, na CJ3 ndo ya kwanza katika hizi ambayo ukitoka Mwanza unaweza kufikiria Johannesburg bila kutua njiani, ni kama kilomita 2,700. Na CJ1 utatua Lusaka au Lilongwe, uweke mafuta, ule kidogo, uendelee.

Phenom 100 ya Embraer ya Brazili, cheti mwishoni mwa 2008, kabini pana kidogo, dashibodi ya Garmin. Nzuri. Ila za mwanzo hazina vipunguza kasi vya juu ya bawa, wala hazina mfumo wa kugeuza msukumo wa injini ukitua, unategemea breki tu. CJ na CJ1 nazo hazina mfumo huo, zina vibao tu vya kupunguza msukumo. Kumbuka hili siku unaenda Bukoba na mvua imenyesha, ile ranwei ni fupi na mwisho wake ni ziwa. Kwa Mwanza au Chato huna shida, ranwei ni ndefu.

Learjet 35 ni kasi, nzuri machoni, nyingi ziliishia kuwa ambulansi za angani. Kiwanda kilifunga uzalishaji wa Learjet 2022. Spea bado zipo, lakini mnunuzi wako wa kesho ataliuliza hilo. Na jeti yoyote ambayo kiwanda chake kilishawahi kufilisika, kama Eclipse mwaka 2008, ogopa kama unavyoogopa gari ambalo hakuna fundi Mwanza nzima anayelijua.

Hatua ya tatu: mzani, na joto letu

Hapa ndo madalali wanawapiga watu, na hawasemi uongo hata kidogo, wanasema tu nusu. "Inabeba watu saba. Inaenda kilomita 2,300." Yote mawili kweli, ila sio siku moja.

Chukua CJ1. Uzito wa juu wa kuruka ni kilo 4,808. Ndege tupu pamoja na marubani wawili na mabegi yao tuseme kilo 3,200. Inabaki 1,600. Matenki yakijaa ni kama kilo 1,460 za mafuta. Inabaki 140. Huyo ni abiria mmoja na kapu la sato.

Sasa ukienda Dar huhitaji matenki kujaa, ukiweka kilo 820 hivi, pamoja na akiba ya kwenda kiwanja kingine kama Dar kumechafuka, unabaki na nafasi ya abiria sita wa kawaida. Ndo maana nakwambia kaunta buku kwanza. Kama 31 kati ya safari 44 ni Dar, CJ1 inakutosha, na zile tatu za Dubai kata tiketi kama sisi wengine.

Halafu kuna joto na mwinuko. Uwanja wa Mwanza uko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari, mchana nyuzi 28. Hewa ya moto ni nyepesi, na hewa ya juu ni nyepesi, vikichanganyika injini na mabawa vinajiona kama vipo futi 6,200 hivi. Kwa hiyo ile namba ya brosha, inaruka ndani ya mita 1,000, ni ya usawa wa bahari na nyuzi 15. Hapa zidisha. Mwanza utaona ranwei bado inabaki ndefu mbele yako, ila Bukoba rubani mwenye akili atakwambia mzee tushushe mtu mmoja au tusubiri jioni, na wewe usimnunie.

Kitu kingine cha kupima ni mwili wako. Kabini ya CJ ina urefu wa mita 1.45 kwenda juu. Mzee wangu ni Msukuma wa kweli, wa futi sita na mwili wake, aliingia kiupande, akakaa, akatazama kushoto na kulia, akaniuliza "kijana, choo kiko wapi?" Nikamwonyesha kiti cha nyuma, unafungua mto, unavuta pazia. Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "kwa hiyo Dar tunaenda tumejibana." Ndiyo mzee.

Hatua ya nne: nunua makaratasi, ndege ni zawadi juu yake

Mmeagiza IST Japani nyie, mnajua karatasi ya mnada, mnajua kilomita zinavyorudishwa. Kwenye jeti karatasi ya mnada ni logibuku, vitabu vya kumbukumbu za ndege, na bila logibuku zilizokamilika toka siku ndege inatoka kiwandani, thamani inashuka vibaya sana, kuna wanunuzi hawataigusa kabisa hata uwape nusu bei. Ukiambiwa "vitabu viwili vilipotea ila ndege ipo vizuri" wewe shukuru, kunywa chai yao, ondoka.

Unaangalia nini humo? Kwanza masaa na mizunguko, maana kila kupaa na kutua ni mzunguko mmoja na kuna vipuri vinahesabiwa kwa mizunguko, havijali masaa. Pili, injini. FJ44-1A na JT15D-4 zote hufanyiwa ovahoo (kufunguliwa zote na kutengenezwa upya) kwenye masaa 3,500, na katikati, 1,750, zinafunguliwa sehemu ya moto kukaguliwa. Ovahoo ni mamia ya maelfu ya dola kwa injini moja, na injini ziko mbili. Sasa rudi kwenye ile Citation II ya bei poa. Inauzwa bei poa kwa sababu injini zina masaa 3,300 na muuzaji anajua. Umenunua ndege, baada ya mwaka unalipa tena bei ya ndege kwa ajili ya injini. Wengine wakifika hapo wanaipaki nyuma ya hanga, inaota majani kwenye matairi, na zipo, tembelea uwanja wowote mkubwa Afrika utaziona zimejipanga kule nyuma kama ng'ombe waliokatwa mikia.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa dalali kabla hata ya bei ni "injini ziko kwenye programu?" Kuna mipango ambayo mmiliki analipa kiasi fulani kwa kila saa anayoruka, na ovahoo ikifika mpango ndo unabeba gharama. Williams wana yao inaitwa TAP, Pratt wana ESP, na kuna JSSI ambao wanachukua injini za aina nyingi. Jeti yenye programu iliyolipwa mpaka leo ni ghali zaidi kununua na ni rahisi zaidi kuuza. Ila hakikisha, andikia wenye programu moja kwa moja upate barua kwamba akaunti haina deni na inaweza kuhamishiwa kwako, usichukue neno la dalali.

Tatu, ukaguzi wa ratiba. Citation zinaenda kwa fezi, yaani awamu za ukaguzi. Fezi 1 mpaka 4 ni kila masaa 300 au miezi 24, fezi ya 5 ni masaa 1,200 au miezi 36, na hiyo ya 5 ndo inavua ndege nguo. Ukikuta fezi ya 5 imeisha mwezi uliopita umepata ndege ya bei nyingine kabisa kuliko ile ambayo fezi ya 5 inadaiwa mwezi ujao, hata kama picha zinafanana.

Nne, historia ya ajali. Kwa ndege za Marekani marekebisho makubwa yanaandikwa kwenye fomu namba 337, na nakala zake zipo kwa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, Oklahoma City, unaweza kuziomba. Muuzaji akisema hajawahi kugonga na fomu ipo inasema bawa lilibadilishwa, maongezi yanaishia hapo.

Na masaa machache yasikulevye. Jeti ya 1996 yenye masaa 2,900 tu inasikika tamu, lakini ina maana miaka mingine ilikuwa inalala, sili (mipira ya kuzuia kuvuja) zinakauka, maji yanaingia kwenye matenki, kutu inajificha chini ya vyoo na chini ya betri. Afadhali inayoruka masaa 250 kila mwaka. Na uliza imelala wapi, ya Arizona jangwani na ya Florida pembeni ya bahari ni ndugu wa baba mmoja wenye afya tofauti. Sisi ziwa letu ni maji baridi, hatuna chumvi, hilo ni jambo moja tunalowazidi Dar na Zanzibar.

Hatua ya tano: pesa isimguse muuzaji

Mlolongo ni huu. Unaandika barua ya nia, ukurasa mmoja au miwili, bei na masharti. Unaweka amana, mara nyingi kwenye akaunti ya mtu wa kati, kampuni za kazi hii nyingi ziko hukohuko Oklahoma City kwa sababu daftari la ndege la Marekani liko pale. Amana inarudi mpaka siku utakaposaini kwamba umeikubali ndege baada ya ukaguzi. Halafu mkataba wenyewe, halafu ukaguzi, halafu muuzaji anarekebisha yaliyoonekana, halafu siku ya kufunga, pesa na hati vinabadilishana kwa simu moja.

Mzee wangu alitaka kutuma amana moja kwa moja kwa dalali fulani kwa sababu "ni kijana mzuri, anaongea Kiswahili". Tulibishana mpaka usiku. Baadaye yule kijana mzuri akaacha kupokea simu kwa sababu nyingine kabisa, na ndege aliyokuwa anaiuza ikaonekana ina madai ya benki juu yake. Hatukupoteza kitu zaidi ya nauli, ila ilikuwa karibu.

Madai ndo kitu kingine. Unatafuta kwa FAA kama ndege ina sajili ya N, yaani ya Marekani, na unatafuta kwenye daftari la kimataifa lililopo Dublin, Ayalandi, chini ya Mkataba wa Cape Town wa 2001 ambao Tanzania nayo imo. Kuna kitu hapa wengi hawakijui, daftari la Dublin linaandikisha injini peke yake kama ina msukumo wa paundi 1,750 na kuendelea. FJ44-1A ni 1,900, inaingia. PW617F ya Phenom 100 ni 1,695, haiingii kama injini. Kwa hiyo kwenye CJ tafuta mwili wa ndege na injini zote mbili kwa namba zake, maana injini inaweza kuwa imewekwa rehani kivyake, au ni ya kukodi kabisa. Linganisha namba iliyoandikwa kwenye mkataba na kile kibati kilichopigwa kwenye injini. Kwa macho yako.

Hatua ya sita: ukaguzi, na ukague kwa fundi wako

Usikubali ukaguzi ufanyike kwenye hanga iliyokuwa inaitunza ndege hiyo. Hawatakwambia walichosahau wenyewe. Tafuta karakana nyingine yenye ruhusa kwa aina hiyo, Lanseria pale Johannesburg kuna kadhaa, Wichita Kansas ndo nyumbani kwa Cessna zenyewe.

Sisi tulikuwa ndani ya hanga kama hiyo siku mbili. Nje ndege inang'aa, rangi mpya, na rangi mpya kwenye ndege inayouzwa mimi inanipa wasiwasi kidogo. Fundi, mtu mzima mwenye miwani ya kufungwa na kamba, hakuangalia rangi hata kidogo. Alitoa zulia, akalala kwa tumbo chini ya choo na tochi, akakwaruza kwa kucha. Akatoka na unga wa kijivu kwenye kidole, akatuonyesha bila kusema neno. Kutu. Halafu akaingiza kamera ya nyoka kwenye injini ya kulia, tukakusanyika kwenye skrini ndogo, visu vya kompresa vinapita kimoja kimoja taratibu anavyozungusha kwa mkono, kimoja, kingine, kingine, halafu akasimama. Kwenye ukingo wa kisu kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa punje ya mchele. Akapima, akafungua kitabu, akasema kiko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa kusawazishwa. Mzee akauliza hicho ni nini. "Jiwe. Au ndege mnyama." Hapo mzee akaniangalia mimi, maana anajua makorongo wetu.

Usisahau pia vioo vya mbele, tabaka zake hutengana na kioo kimoja ni pesa, chupa ya oksijeni ina tarehe ya kupimwa, mpira wa kuvunjia barafu kwenye mkia, radar ya hali ya hewa iwashwe ionekane inafanya kazi. Kwa ziwa hili radar mbovu usiikubali hata kwa punguzo, mvua za radi za Victoria hujijenga usiku juu ya maji na asubuhi bado zipo.

Halafu irushwe. Saa moja angani, ipande mpaka juu kabisa ilipoahidiwa, usikilize hewa ya kabini, uangalie kama kibali cha kuruka kati ya futi 29,000 na 41,000 kipo na vifaa vyake vinasoma sawa, maana bila hicho unabanwa chini ambako mafuta yanaliwa zaidi.

Hatua ya saba: sajili na kuileta

Amua mapema itakuwa 5H, yaani sajili ya Tanzania, au itabaki na sajili ya nje. Ukitaka 5H, kabla ya kusaini chochote iandikie TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania, Dar, uliza kwa maandishi kama aina hiyo na umri huo vinakubalika, na majibu yaje kwa maandishi pia. Ikiwa inatoka Marekani, muuzaji atoe cheti cha ubora wa kuruka cha kusafirisha nje, weka hilo kwenye mkataba kama jukumu lake. Sajili ya N kwa Mtanzania inapitia kwa mdhamini wa Kimarekani, inawezekana, ni karatasi nyingine na ada nyingine kila mwaka.

Kwa TRA ndege za uzito mtupu kati ya kilo 2,000 na 15,000 ziko kwenye fungu la forodha 8802.30. Mpe wakala wako hiyo namba, akuletee ushuru na VAT vimepigwa hesabu kwenye karatasi kabla ndege haijawasha injini, kuliko ije ikae uwanjani imefungwa utepe.

Na kama unawaza kuikodisha ipunguze gharama, jua kwamba kubeba abiria kwa malipo ni mpaka uwe na cheti cha uendeshaji wa biashara ya anga, au uiweke chini ya kampuni yenye nacho. Kuwapa lifti rafiki zako na wao "wanachangia mafuta" ni biashara, na siku ikipata tatizo bima itakuwa ya kwanza kukukana.

Hatua ya nane: kuishi nayo hapa

Hii fupi ila ni ya kila siku. Bima watakuuliza rubani ana masaa mangapi kwenye aina hiyohiyo, na watamtaka aende simuleta kila mwaka, nje ya nchi, kwa hela yako. CJ inaruhusu rubani mmoja kwenye karatasi, bima mara nyingi watataka wawili. Mafuta ya Jet A-1 yapo. Fundi mwenye leseni ya aina yako hayupo barabara ya Makongoro, atatoka Nairobi au Dar au Afrika Kusini, na atalala hoteli.

Nunua vifuniko vya injini na vya mirija ya kupimia kasi, na visitoke mpaka rubani afike. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya maji, usiku wakifuata taa wanajaa kila tundu, nimewahi kufagia ndoo nzima chini ya bawa moja. Na makorongo, wale wenye upara wanaoshinda dampo na mialoni wakisubiri utumbo wa samaki, asubuhi joto likianza wanapanda kwa kuzunguka juu ya uwanja. Ruka mapema au subiri wapite.

Kuuza tena

Fikiria hili siku unanunua. Inayouzika haraka ni ile ambayo bado ndugu zake wanatengenezwa, injini ziko kwenye programu, logibuku zote zipo, rangi na viti vya kawaida. Ndo maana CJ zinatoka kirahisi kuliko Learjet nzuri zaidi ya hiyo. Usipake jina lako ubavuni, usiweke viti vya zambarau. Na hapa Mwanza mnunuzi wako hatakuwa Mwanza, atakuwa Texas au Lanseria, kwa hiyo kila sevisi ifanyike mahali ambapo muhuri wake unaheshimika huko, hata kama kuna rafiki yako anafanya kwa nusu bei.

Mzee wangu ile yenye kutu hakuichukua, na muuzaji hakutaka kushuka bei. Kwa sasa anakodi akienda Dar na kundi, peke yake anapanda Air Tanzania. Kaunta buku anayo kwenye gari, chini ya kiti, mara ya mwisho kuiona ilikuwa imefika masaa 118 na amepigia mstari mwekundu kwenye 200. Entebbe ameikata kwa kalamu, kaandika pembeni "boti?"